Huyo Willie Lynch hayupo, vitabu vya kumtafutia vipo

Ndugu Mhariri,

Salaam. Najua barua ndefu huwa mnazikata na hii ni ndefu, ila nakuomba ukate kwa huruma maana nimeiandika kwanza kwa mkono kwenye daftari alafu mjukuu wangu ndo kaitaipu kwenye simu, toka alasiri mpaka adhana ya magharibi. Makosa ya herufi ni ya kwake, makosa ya historia ni ya kwangu.

Mi ni mwalimu mstaafu wa historia hapa Muheza. Nimefundisha kidato cha tano na sita miaka mingi, na ile mada ya watu weusi wa Ulimwengu Mpya na ile nyingine ya Marekani kuinuka kuwa dola kubwa la kibepari nimezifundisha mpaka vumbi la chaki limenikaa kifuani. Kwa hiyo Jumapili nilipoona mmetoa ukurasa mzima juu ya utumwa Marekani nilifurahi, nikavaa miwani, nikasoma mpaka chai ikapoa. Mwandishi ana kalamu, sikatai. Lakini pale katikati ya ukurasa, tena kwenye kiboksi cha rangi, mmeweka ile hotuba ya Willie Lynch, bwana wa watumwa anayesemekana alitoka visiwa vya Karibi mwaka 1712 akasimama ukingoni mwa mto James kule Virginia akawafundisha wenzake namna ya kuwagombanisha watumwa, mzee na kijana, mweusi tii na maji ya kunde, mwanamke na mwanamume, ili waendelee kuwa watumwa mamia ya miaka. Chini yake mkaandika kwamba ni waraka wa kihistoria.

Mhariri, huo waraka ni wa kutunga. Hiyo hotuba haikutolewa na huyo mtu hakuwepo.

Gazeti lilikuwa bado mkononi simu ikaita, kijana niliyemfundisha zamani, sasa na yeye ni mwalimu wa historia huko Handeni. "Shikamoo mwalimu, umeona gazeti la leo? Kesho nawasomea fomu faivu." Nikamwambia marahaba baba, usiwasomee. Akashangaa. Akasema mwalimu mbona nimegugo na ipo kila mahali, ipo mpaka kwenye grupu la walimu wenzangu. Nikamuuliza sasa hao wote wameitoa wapi? Kimya. Kitu kuwa kila mahali maana yake watu wanapenda kukituma, basi, hata zile meseji za tuma kwa watu kumi upate baraka zipo kila mahali.

Ngoja nieleze huo uongo unavyojionyesha wenyewe, maana ukishauona huwezi kuusahau. Ndani ya hotuba kwa Kiingereza chake yule bwana anasema mtumwa akishafundishwa hivyo atajiendesha mwenyewe na kujijaza mafuta mwenyewe kizazi hadi kizazi. Kujijaza mafuta, mwaka 1712! Mwaka huo ndo kwanza injini ya mvuke ya Newcomen inaanza kuvuta maji kwenye mgodi Uingereza, sasa huyu wa Virginia alikuwa anajaza mafuta nini, punda? Alafu jina lenyewe, wanasema neno lynch la kuua watu kwa kundi bila mahakama limetoka kwake, wakati watafiti wengi wanalihusisha na Charles Lynch wa Virginia, enzi za vita vya Wamarekani kujitoa kwa Mwingereza, miaka karibu 70 baadaye. Hiyo hotuba haikuonekana kwenye gazeti lolote la karne ya 18 wala ya 19. Ilianza kusambaa sana kwenye miaka ya 1990, mkutubi mmoja wa chuo kikuu kule St. Louis, Missouri ndiye aliyeiweka mtandaoni 1993, na mwenyewe akaja kusema haamini kama ni ya kweli. Mwaka 1995 Louis Farrakhan, kiongozi wa kundi la Waislamu weusi la Nation of Islam, akaitaja mbele ya umati wa wanaume Washington na toka hapo haikushikika tena.

Sasa swali la yule kijana wangu ndilo limenifanya nichukue kalamu. Aliniuliza mwalimu, mtu angejuaje? Mimi nipo Handeni, bando lenyewe la wiki, nitajuaje kwamba mtu wa 1712 hayupo?

Unajua kwa kuanzia kwenye vitabu ambavyo watu hawapendi kuvisoma kwa sababu havina hadithi. Nazungumzia bibliografia, yaani orodha za vitabu na makala, kamusi za wasifu zenye maisha ya watu kwa ufupi, kamusi elezo au ensaiklopidia, vitabu vya takwimu na mikusanyo ya nyaraka. Vitabu vya kukuonyesha njia. Wanafunzi wetu wanavikimbia, wanakimbilia madesa pale stesheneri nje ya shule, karatasi zilizofotokopiwa mpaka herufi zimekuwa kama sisimizi, zimeandikwa na mtu aliyekopi kwa mtu aliyekopi, kurasa 80 hakuna jina la kitabu hata kimoja. Na waandishi wa magazeti, samahani Mhariri, na nyie mna madesa yenu.

Mi mwenyewe sikuzaliwa najua. Nikiwa chuo niliingia maktaba nikamwambia mkutubi nataka kitabu kizuri kuhusu watu weusi wa Marekani. Mama mmoja mnene mpole, akaenda ndani, akarudi na juzuu mbili nzito akaziweka mezani pu. Harvard Guide to American History, toleo la 1974 lililosimamiwa na Frank Freidel. Nikafungua, hamna hadithi, ni majina tu ya vitabu na makala, ukurasa baada ya ukurasa kama daftari la polisi. Nilijua ananikejeli. Nikamwambia mama mi nataka kitabu, siyo orodha ya vitabu. Akaniambia mwanangu, ukitaka kitabu kimoja nitakupa, utakisoma na utaamini kila kilichomo kwa sababu hujui kingine, kaa hapo. Nikakaa. Nilikaa wiki nzima. Nilichokuja kukigundua ni kwamba ile orodha yenyewe inasema, ukiona mada moja ina vitabu kurasa tano na nyingine ina mistari minne unajua kabisa kitu gani kilipendwa na kipi kilifichwa.

Hicho kitabu kina ukoo mrefu. Kilianza 1896, maprofesa wawili wa Harvard, Edward Channing na Albert Bushnell Hart, walitoa mwongozo wa kusoma historia ya Marekani, ukaongezwa 1912, ukaandikwa upya 1954, alafu ndo hilo la Freidel. Na hapa ndipo panaponinogea, huyo Hart ndiye aliyekuwa mwalimu wa W. E. B. Du Bois, mtu mweusi wa kwanza kupata PhD pale Harvard, mwaka 1895. Kwa hiyo mwalimu anatoa mwongozo wa vitabu, mwanafunzi anaangalia anaona watu wake hawamo au wamo kwa pembeni. Akafanya nini? Akatengeneza ya kwake. Mwaka 1905 kule Atlanta University Du Bois alitoa bibliografia teule ya Wamarekani weusi. Ni kijitabu tu, ila kilifungua mlango. Na huyuhuyu Du Bois uzeeni, 1961, akaenda Ghana kwa mwaliko wa Nkrumah kutengeneza kamusi elezo ya Afrika nzima, akafia Accra Agosti 1963 kazi ikiwa haijakamilika. Mzee wa miaka zaidi ya 90 anahangaika na kamusi elezo! Hotuba nyingine tamu alishatoa nyingi, lakini alijua hotuba zinapita.

Alafu kuna Monroe Work, na huyu nampenda kuliko wote na hakuna anayemjua. Wazazi wake walikuwa watumwa. Yeye alizaliwa 1866, akalima shambani na familia, akaanza sekondari ana miaka 23, wanafunzi wangu waliokuwa wanaona aibu kurudia darasa nilikuwa nawapa habari zake. Akaja kufanya kazi Tuskegee, kile chuo cha watu weusi cha Booker T. Washington kule Alabama, na kazi yake ilikuwa kukusanya. Kila kitu. Anakata magazeti, anaandika vikadi, anapanga. Mwaka 1928 akatoa bibliografia ya mtu mweusi Afrika na Amerika, na kichwa chake kimetumia neno la zama zile la Negro ambalo leo hatulitumii, ina vitabu na makala zaidi ya 17,000. Sehemu ya kwanza yote ni Afrika! Huyu mtoto wa watumwa hakuanza na Virginia, alianza na kwetu. Sasa niambie, mtu amekaa miaka na miaka anapanga vikadi 17,000 ili asije akatokea mtu akasema watu weusi hawana historia, alafu sisi tunaruka vyote hivyo tunaenda kuchukua karatasi isiyo na mwenyewe.

Kamusi za wasifu nazo zina mambo yake. Ya zamani, Dictionary of American Biography, juzuu 20 zilitoka kati ya 1928 na 1936. Iliyokuja kuchukua nafasi yake ni American National Biography ya 1999, juzuu 24, watu kama 17,500. Huyo Lynch wa 1712 humkuti. Lakini kijana wangu wa Handeni ni mkali, akaniuliza, mwalimu si umesema mwenyewe hao walikuwa wanaacha watu? Kweli. Mtu kutokuwemo kwenye kamusi siyo ushahidi peke yake, ile ya 1928 iliwaacha watu weusi wengi tu, ndo maana Rayford Logan na Michael Winston wakatoa kamusi yao ya wasifu wa Wamarekani weusi 1982, na 2008 ikatoka African American National Biography, juzuu 8, zaidi ya watu 4,000. Sasa huko kote watu wamechimba mpaka mafundi seremala na mapadri wa vijijini. Hotuba iliyobadili historia ya mamilioni ya watu, wote hao wakaikosa, akaipata mtu wa grupu la WhatsApp?

Nimtaje na Dorothy Porter, mkutubi wa Howard University, chuo cha watu weusi kule Washington, toka 1930 mpaka 1973. Ukiingia maktaba zetu za mikoa utaona vitabu vina namba mgongoni, hizo namba zinaitwa za Dewey, historia ya Marekani ni 973, vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe 973.7, Tanzania 967.8, Kenya 967.62. Sasa maktaba nyingi za Marekani zamani zilikuwa na namba mbili tu kwa kitabu chochote cha mtu mweusi, 325 ya mambo ya makoloni na uhamiaji au 326 ya utumwa. Hata mashairi. James Weldon Johnson ni mshairi, kila mtu anamjua ni mshairi, kitabu chake kinapelekwa 325. Dorothy Porter akasema huu ni upumbavu na akavipanga upya kufuata mada na mwandishi, shairi kwenye mashairi, muziki kwenye muziki. Unaweza kuona ni kijambo kidogo cha stika mgongoni mwa kitabu. Mi nakwambia ukiwekwa kwenye rafu ya utumwa utatafutwa na mtu anayetafuta utumwa tu.

Narudi kwenye makala yenu, maana Lynch hakuwa peke yake. Mwandishi amesema watumwa milioni 12 walipelekwa Marekani. Hapana. Kuna hifadhidata ya safari za meli za watumwa, SlaveVoyages, ipo bure, imeanza kama CD 1999 baadaye ikawekwa mtandaoni, ina safari zaidi ya 36,000 na meli nyingi zina jina, nahodha, zilipopakia na ziliposhusha. Makadirio yao ni watu milioni 12.5 walipakiwa kutoka Afrika yote, milioni 10.7 hivi ndio waliofika wakiwa hai, Brazil peke yake ikachukua karibu milioni 4.9, Karibi wengi sana, na waliopelekwa moja kwa moja kwenye ardhi ambayo leo tunaiita Marekani ni kama 388,000. Wengi wanashtuka. Mbona sensa ya 1860 inaonyesha watumwa karibu milioni 4? Hapo sasa ndo historia inaanza kuuma, kwa sababu kuingiza watumwa wapya kutoka nje kulipigwa marufuku toka 1 Januari 1808, kwa hiyo wale milioni 4 wengi mno walizaliwa hukohuko, mtoto anazaliwa ni mali ya mwenye mama yake. Mwandishi angechungulia tu namba mbili hizi angepata makala kali kuliko hiyo aliyoandika. Na kwa faida ya wasomaji wa pwani, hiyo hifadhidata ina na meli zilizopakia upande wetu huu, Msumbiji na visiwa vya Bahari ya Hindi, makadirio yake ni zaidi ya watu laki 5 waliozungushwa mpaka Atlantiki.

Na la Rais Lincoln. Mmeandika mwaka 1863 watumwa wote wakawa huru. Hili hata mi nilikuwa nalifundisha hivyo miaka miwili mitatu ya mwanzo, naungama. Tangazo lenyewe la 1 Januari 1863 ni fupi, mradi wa Avalon wa Chuo Kikuu cha Yale wameliweka mtandaoni bure na nyaraka nyingine kibao, ukilisoma kwa macho yako unaona limetaja majimbo yaliyoasi tu, tena Louisiana limeondoa wilaya kwa majina zile ambazo jeshi la Lincoln lilikuwa limeshazishika. Kentucky, Maryland, Delaware na Missouri walikuwa na watumwa na hawakuasi, halikuwagusa. Watumwa wa Texas walitangaziwa uhuru Galveston 19 Juni 1865, na utumwa wenyewe ulikatwa na marekebisho ya 13 ya katiba yaliyoridhiwa 6 Desemba 1865. Hii yote ni nusu saa ya kusoma.

Msije mkasema mzee huyu anataka tujaze Marekani wakati vya kwetu hatuvijui. Ukifuata hizo orodha vizuri zinakurudisha nyumbani. Bibi yangu Pangani alikuwa na kitambaa cha pamba kisichopaushwa anakiita merikani, maisha yake yote amekiita merikani na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Mi nimekuja kupata jibu kwenye mkusanyo wa nyaraka wa Bennett na Brooks wa 1965, barua za wafanyabiashara wa New England waliokuja Afrika kati ya 1802 na 1865. Watu wa Salem, mji mdogo wa bandari kule Massachusetts, walikuwa wanashusha kitambaa Unguja na kubeba pembe, gundi ya sandarusi na karafuu. Mkataba wa Marekani na Seyyid Said aliutia saini Edmund Roberts 1833, konseli wao wa kwanza Unguja Richard Waters alifika 1837, na 1840 Seyyid Said akatuma meli yake Sultana mpaka New York na Ahmad bin Na'aman ndani yake, picha yake ya kuchorwa ipo makumbusho ya Salem mpaka leo. Pembe zenyewe zilikwenda Connecticut kutengenezwa vibao vya piano. Yaani mtoto wa tajiri wa Boston anajifunza piano kwa tembo wa Unyamwezi aliyebebwa na wapagazi mpaka Bagamoyo. Sasa hiyo ni historia ya nani, ya Marekani au ya kwetu? Kwenye rafu ipo 973 au 967? Dorothy Porter angejua aiweke wapi.

Wenzetu wa Kongo nao wana lao. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani inachapa nyaraka zake toka 1861, Foreign Relations of the United States, juzuu zaidi ya 450, zipo mtandaoni bure. Ile ya Kongo 1960 mpaka 1968 ni juzuu ya XXIII, ilitoka 2013, na imo mpaka pesa na mipango ya majasusi wao. Mtu wa Bukavu anaweza kusoma serikali ya Marekani inavyojiongelea yenyewe, hana haja ya video ya dakika tatu ya mtu anayepiga kelele.

Siyo kwamba hivi vitabu ni msahafu. Ule mwongozo wa 1974 hauna habari na kilichoandikwa baada ya hapo, kwa hiyo ukiushika peke yake utakuwa mwanahistoria wa mwaka ambao Ali alipigana na Foreman Kinshasa. Simulizi za waliokuwa watumwa, zaidi ya 2,300, zilizokusanywa 1936 hadi 1938 na kutunzwa Library of Congress, maktaba ya bunge la Marekani, ni hazina kubwa na mi nimelia nikizisoma, lakini wengi wa waliowahoji wale wazee walikuwa wazungu, Kusini kulekule, njaa imeshika, mzee wa miaka 85 anaulizwa na mtu anayeweza kumnyima chakula kama bwana wake alikuwa mkali, atajibu nini? Inabidi usome na alichonyamazia. Na vingine ni pesa, ile faharasa kubwa ya makala, America: History and Life, ni ya kulipia, American National Biography nayo, sisi wa Muheza tunaiona dirishani kama duka la dhahabu. Ila vile vya kale kama cha Channing na Hart haki miliki zimeshaisha, vimeskaniwa, unapakua bure Internet Archive. Barua za waasisi wa Marekani, kina Washington, Jefferson na Franklin, zipo Founders Online bure na ukiandika neno inakutafutia. Magazeti ya zamani ya Marekani yapo Chronicling America bure. Kijana wangu kadaunilodi vitatu usiku kwa bando la usiku, asubuhi kanipigia anasema mwalimu kumbe hivi vitu vipo. Vipo baba, vipo siku zote.

Ombi langu kwenu ni dogo. Makala ya historia ikija mezani muulizeni mwandishi umeitoa wapi, akisema mtandaoni mwambieni mtandao siyo mahali, ni kama kusema nimeitoa barabarani. Awaandikie mistari miwili chini, kitabu gani, nyaraka gani, ipo wapi. Haitakula nafasi, ni ndogo kuliko tangazo la mganga mnalotoa ukurasa wa 14.

Na kuna sababu nyingine ambayo pengine hamjaifikiria. Hiyo Library of Congress ina ofisi Nairobi toka 1966, kazi yake ni kukusanya vitabu na magazeti ya ukanda huu wetu kupeleka Washington kutunzwa. Ile ile maktaba Waingereza waliyoichoma 1814 na Jefferson akawauzia Wamarekani wenzake vitabu vyake 6,487 ili waanze upya, wale jamaa wana uchungu na karatasi. Kwa hiyo inawezekana kabisa toleo lenu la Jumapili lipo njiani kwenda kupangwa kwenye rafu, na kiboksi chenu cha rangi ndani yake, alafu mwaka 2090 atakuja mtafiti wa kizungu aandike kwamba magazeti ya Kiswahili yalikuwa yanamjua Willie Lynch.

Ndo maana naomba marekebisho yatoke ukurasa uleule, siku ileile ya Jumapili, na kiboksi kiwe na ukubwa uleule. Msiyaweke chini kwenye kona karibu na ratiba ya ligi. Yakitoka mniwekee nakala mbili kwa wakala wenu pale stendi ya Muheza, moja yangu, nyingine nampelekea yule wa Handeni akaibandike ukutani darasani, maana kumbe ile hotuba ya kwenye grupu alishawasomea fomu faivu kabla hajanipigia, aliogopa tu kuniambia.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Muheza, Tanga